Takwimu za tovuti: ulipie za ndani au uweke za bure?

Mwenye gesti ya Area D, muuza mafuta ya alizeti wa Singida na kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo, wakishafungua tovuti, hukutana na jambo lilelile. Mfumo waliojengea tovuti unawaonyesha grafu ndogo ya wageni, halafu unawaambia wapande mpango wa bei ya juu ili waone zaidi. Upande wa pili vipo vyombo vya kuhesabu wageni kama Google Analytics, Matomo na Clarity, ambavyo havidai hata senti. Kabla hujatoa kadi, pitia hatua hizi. Kuvifunga, yaani kuviweka kwenye tovuti, ni kazi ya jioni moja, ila namba za kuaminika zinataka mwezi mzima. Anayekuahidi jibu kwa siku tatu ana kitu anauza.

Hatua ya 1: Andika maswali yako, yasizidi matatu

Swali la "wangapi wameingia?" lisiwemo. Jibu lake halibadilishi chochote utakachofanya kesho. Andika maswali ambayo jibu lake linakufanya uhamishe pesa au muda. Kwa gesti ya Dodoma yanaweza kuwa haya: wanaobofya WhatsApp wametoka Instagram, Google au kwenye status zetu? Ni ukurasa upi unaoleta simu? Na Bunge la Bajeti la mwaka huu limeleta maulizo mengi kuliko la mwaka jana?

Hilo la tatu ndilo zito. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, mara moja kwa mwaka. Ili ulinganishe Aprili hii na ile iliyopita, unataka chombo kinachokumbuka zaidi ya miezi 12. Mipango mingi ya bei ya chini hukuonyesha kipindi kifupi tu, na hilo hutalijua mpaka siku unapoitafuta Aprili ya mwaka jana na kukuta ukurasa mtupu. Muuza alizeti naye yuko hivyohivyo, kwa kuwa msimu wake wa mavuno ni mmoja.

Hatua ya 2: Kagua ulichonacho tayari

Watu wengi wanalipia kitu ambacho wanacho. Kama hosting yako (huduma inayohifadhi tovuti) ina cPanel, ukurasa wa kuisimamia, ingia sehemu ya "Metrics" utafute AWStats. Hiyo husoma kumbukumbu za seva yenyewe, haihitaji msimbo (maandishi ya kompyuta) wowote kwenye kurasa, na mara nyingi imeshakuwa ikirekodi bila wewe kujua. Tatizo lake ni roboti, yaani programu zinazotembelea tovuti zenyewe. Zinazojulikana inazitenga, lakini zinazojifanya vivinjari vya kawaida zinahesabiwa kama watu, kwa hiyo namba zake huwa kubwa kupita kiasi. Itumie kuona ukurasa unaovunjika (hitilafu 404) na kiasi cha bando la seva kinacholiwa, usiitumie kujisifu.

Blogger ina takwimu zake za bure, na kwenye "Settings" pana nafasi ya kubandika namba ya Google Analytics moja kwa moja. Ukibaki na takwimu zake za ndani, kumbuka kuizuia isihesabu ziara zako mwenyewe. Kwa Wix, kuunganisha Google Analytics kunataka mpango wa kulipia pamoja na domeni (jina la tovuti) yako, kwa hiyo hapo huchagui kati ya bure na kulipia: unalipa kwanza, ndipo unaruhusiwa kutumia cha bure. Kwa WordPress iliyo kwenye hosting yako mwenyewe, Jetpack Stats, takwimu zake za kuongezea, ni ya bure kwa tovuti binafsi, lakini tovuti ya biashara inatakiwa kulipia.

Mfumo wowote ule, tafuta majibu ya mambo matatu kwenye ukurasa wa bei au uwaulize huduma kwa wateja kwa maandishi: mpango wangu unaniruhusu kupachika msimbo kwenye sehemu ya juu ya ukurasa, ndani ya `<head>`? Historia inarudi nyuma miezi mingapi? Naweza kupakua ripoti kama faili la CSV, linalofunguka kwenye Excel? Jibu la kwanza likiwa "hapana", hatua ya 5 haitawezekana bila kupanda mpango au kuhama.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwaka, siyo ya mwezi

Chukua tofauti ya bei kati ya mpango wako na ule wenye takwimu kamili, zidisha kwa 12, kisha geuza kuwa shilingi. Ikiwa tofauti ni dola 10 kwa mwezi, hiyo ni dola 120 kwa mwaka. Dola ikiwa shilingi 2,600, ni shilingi 312,000. Ongeza makato ya kadi na uangalie kama VAT imo ndani ya bei au itajiongeza mwishoni. Angalia pia kama bei uliyoona ni ya mwaka wa kwanza tu.

Cha bure nacho kina gharama: muda wako, na uzito kwa simu ya mteja. Msimbo wa Google Analytics ni kama KB 100 au zaidi hata ukishabanwa, wakati wa GoatCounter, chombo kingine cha aina hiyo, ni kama KB 3.5. Kwa mtu anayefungua tovuti yako kwa bando la siku akiwa Kongwa, tofauti hiyo ipo, ingawa picha moja ya chumba isiyopunguzwa ukubwa inaizidi mara nyingi. Punguza picha kwanza.

Hatua ya 4: Chagua

Lipia takwimu za ndani kama unauza na kupokea malipo ndani ya mfumo huohuo. Ripoti za mauzo za duka la aina hiyo hutokana na oda zenyewe, hivyo hazipotei mteja anapotumia kivinjari kinachozuia ufuatiliaji. Lipia pia kama kwa hakika hakuna mtu kwenye ofisi atakayefungua Google Analytics. Ripoti rahisi inayosomwa kila Jumatatu ina faida kuliko ripoti ya kina isiyofunguliwa.

Usilipie kama wateja wako wanamalizia mazungumzo WhatsApp au kwa simu. Hapa ndipo biashara nyingi za Dodoma zilipo, na hapa ndipo takwimu nyingi za ndani zinapoishia: zinajua ukurasa umefunguliwa, hazijui namba imepigwa.

Kati ya za bure, Google Analytics 4 ndiyo yenye uwezo mpana na ndiyo inayochosha zaidi kuisoma. Matomo unaweza kuifunga kwenye hosting yako bila malipo, na data inabaki kwako. Inataka PHP na MySQL (programu za upande wa seva), na ukizidi wageni mia kadhaa kwa siku ni lazima uweke kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba kwenye seva) ichakate ripoti, la sivyo kila ukifungua dashibodi seva inahema. Hosting ya bei ya chini kabisa haiiwezi kwa muda mrefu kwa sababu hifadhidata hukua kila siku. Cloudflare Web Analytics ni nyepesi na haitumii kuki (faili dogo linalomtambua mgeni), ila haifuatilii matukio kama kubofya WhatsApp. Microsoft Clarity inaonyesha mahali watu wanapogusa kwenye skrini na kurekodi mwendo wao ukurasani. Ni nzuri kwa kutafuta kwa nini fomu haijazwi, si kwa kuhesabu.

Na chochote utakachochagua, ongeza Google Search Console. Ni ya bure na inahifadhi data ya miezi 16. Hiyo ndiyo inayokuonyesha maneno yaliyoandikwa Google kabla ya mtu kukufikia, kama "gesti karibu na stesheni ya SGR Dodoma", na kwa miezi 16 hiyo unaweza kulinganisha Bunge na Bunge. Ithibitishe kwa kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi unaopewa na Google) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni yako; aliyekuuzia domeni hiyo ndiye mwenye mahali pa kuiweka.

Hatua ya 5: Funga Google Analytics 4

Majina ya menyu tunayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini.

1. Fungua akaunti kwa barua pepe ya biashara, siyo ya fundi. Fundi akiondoka na akaunti, umepoteza historia yote. Yeye mwongeze kama mtumiaji.

2. Unapotengeneza "Property", weka saa za Tanzania (GMT+3) na sarafu ya TZS. Ukiacha saa za Los Angeles, mgeni wa saa tatu usiku ataonekana ameingia asubuhi, na siku yako itakatika saa nne au saa tano asubuhi. Ripoti za saa husoma mtindo wa 24, kwa hiyo 19 ni saa moja usiku.

3. Tengeneza "Data stream" ya aina ya "Web", andika anwani ya tovuti, uache "Enhanced measurement" ikiwa imewashwa. Utapata namba inayoanza na G-, pamoja na msimbo wa kubandika.

4. Pachika msimbo mara tu baada ya `<head>`. Kwenye WordPress, plagini (programu ya nyongeza) ya Site Kit ya Google inatosha. Chagua njia moja tu, plagini au kubandika mwenyewe.

5. Futa kashe ya tovuti, yaani nakala za kurasa zilizohifadhiwa. Bila hivyo wageni wataendelea kupewa kurasa za zamani zisizo na msimbo, nawe utadhani umekosea kufunga.

6. Fungua tovuti kwa simu, kwa data ya mtandao wa simu, huku umefungua ripoti ya "Realtime" kwenye kompyuta. Unapaswa kujiona ndani ya dakika moja au mbili. Ripoti nyingine hungoja saa 24 hadi 48, usihangaike nazo siku hiyo.

7. Nenda "Admin", kisha "Data retention", ubadilishe miezi 2 iwe 14. Huo ndio mpangilio unaosahaulika kuliko yote. Ripoti za kawaida haziathiriki, lakini uchambuzi wa kina kwenye "Explore" utaishia miezi miwili nyuma, na ukibadilisha baadaye hakirudi kilichokwisha kufutwa.

Kosa linalotokea sana ni msimbo kufungwa mara mbili, mmoja na plagini na mwingine na muundo wa tovuti. Dalili yake: ukiwa peke yako kwenye "Realtime", kufungua ukurasa mmoja kunaleta page_view (tukio la ukurasa kufunguliwa) mbili. Fungua chanzo cha ukurasa kwenye kompyuta (Ctrl+U), tafuta "G-", uhesabu. Ondoa mmoja.

Hatua ya 6: Hesabu WhatsApp na simu

Usiiruke hii. Tovuti ya gesti isiyohesabu WhatsApp na simu haina takwimu, ina mapambo.

Kiungo cha WhatsApp kinachoanza na wa.me kinatoka nje ya tovuti yako, kwa hiyo "Enhanced measurement" hukinasa chenyewe kama tukio linaloitwa click. Shida ni kwamba kinachanganyika na viungo vingine vya nje, kama ramani na Instagram. Kitenge hivi: "Admin", "Events", "Create event", jina liwe bofya_whatsapp, sharti la kwanza event_name iwe sawa na click, la pili link_domain iwe sawa na wa.me. Kagua kwanza viungo vyako vimeandikwaje, maana vikiwa vya api.whatsapp.com sharti la pili halitalingana na hutapata hata moja. Tukio jipya huhesabu kuanzia hapo kwenda mbele, halirudi nyuma. Likishatokea kwenye orodha, liweke alama ya "key event", yaani tukio muhimu.

Kiungo cha simu ni habari nyingine. Kinachoanza na tel: hakinaswi chenyewe kabisa. Ongeza maneno machache kwenye kiungo:

`<a href="tel:+2557XXXXXXXX" onclick="gtag('event','piga_simu')">Piga sasa</a>`

Kigonge kwa simu yako, utazame piga_simu ikitokea kwenye "Realtime". Isipotokea, fungua kiweko cha kivinjari kwenye kompyuta (F12). Ukiona ujumbe kwamba gtag haijulikani, huenda msimbo wako unapita kwenye Google Tag Manager, chombo cha Google cha kusimamia misimbo ya tovuti, na hapo tukio la simu linapaswa kutengenezwa huko badala ya kwenye kiungo. Namba iliyoandikwa kama maandishi tu, au iliyo ndani ya picha ya bango, haihesabiki kwa chombo chochote. Igeuze iwe kiungo.

Sasa unaweza kusoma kitu cha maana. Tuseme ukurasa wa vyumba una ziara 400 kwa mwezi na mibofyo 22 ya WhatsApp, na ukurasa wa ukumbi wa mikutano una ziara 60 na mibofyo 15. Grafu ya wageni ingekusifia wa vyumba. Mibofyo inasema tangaza ukumbi.

Hatua ya 7: Weka alama kwenye viungo unavyosambaza

Mtu akigonga kiungo chako ndani ya WhatsApp, mara nyingi chombo hakijui ametoka wapi, kinamwandika "Direct". Ndiyo maana tovuti nyingi za hapa zinaonyesha "Direct" kubwa isiyoelezeka. Dawa ni kuongeza maneno ya utm_ mwishoni mwa kiungo, yanayokiambia chombo mgeni ametoka wapi. Kiungo cha kuweka kwenye status kiishie hivi:

`?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_content=status`

Andika herufi ndogo daima, kwa sababu WhatsApp na whatsapp zitakuwa mistari miwili. Usibuni neno lako kwenye utm_medium. Ukiweka "status" hapo, Google inaweza kuwatupa wageni hao kwenye kundi la "Unassigned", la wasio na kundi. Weka "social", na ubunifu wako uende kwenye utm_content. Kwa bango lenye QR stendi ya Nanenane, tumia utm_source=bango-nanenane ili ulitenganishe na la stesheni ya SGR. Viungo vya ndani ya tovuti yako usiviwekee alama hizi, vinachafua chanzo cha kweli cha mgeni.

Hatua ya 8: Namba hazitalingana, na si kosa

Endesha chombo cha bure na takwimu za ndani kwa pamoja mwezi mmoja. Hazitafanana. Kinachosoma seva kitahesabu roboti. Kinachotumia msimbo kitawakosa wanaotumia Brave (kivinjari kinachozuia ufuatiliaji) au vizuizi vya matangazo, na wale walioondoka kabla msimbo haujapakuka kwa mtandao dhaifu. Kila kimoja pia kina maana yake ya "ziara". Kwa Google, ziara inaisha baada ya dakika 30 za ukimya.

Usitafute kipi kinasema ukweli. Tazama uwiano. Kama takwimu za ndani kila wiki ni takribani mara moja na nusu ya Google, endelea na kazi. Uwiano ukiruka ghafla, ama roboti zimeingia ama msimbo umeondoka kwenye kurasa kadhaa, mara nyingi baada ya mtu kubadilisha muundo wa tovuti.

Ripoti ya miji ichukulie kwa wepesi sana. Anwani za IP (namba zinazotambulisha muunganisho wa intaneti) za mitandao ya simu mara nyingi husomeka kama za Dar es Salaam hata mtu akiwa Mpwapwa. Wako wanaokata tamaa ya soko la Dodoma kwa kuangalia ripoti hiyo, na ilhali wateja wako mtaa wa pili.

Kujiondoa mwenyewe kwenye hesabu: kama ofisi ina intaneti ya nyaya yenye IP isiyobadilika, tumia "Define internal traffic", kisha ubadilishe kichujio kutoka "Testing" kwenda "Active", maana kikibaki "Testing" hakichuji kitu. Kwa data ya simu usithubutu. IP hiyo hubadilika, na huenda unaishiriki na watu wengi, wateja wako wakiwemo. Fungua tovuti yako kwa Brave, inatosha.

Hatua ya 9: Sheria

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi wanatakiwa kujisajili, na kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Weka ukurasa wa faragha kwa Kiswahili cha kawaida unaotaja vyombo unavyotumia, na kamwe usiruhusu jina, namba ya simu au NIDA kuingia kwenye anwani ya ukurasa baada ya fomu kujazwa, kwa sababu anwani hiyo hutumwa nzima kwenye takwimu. Ukitumia Clarity, hakikisha ufichaji wa maandishi ya fomu haujazimwa.

Hatua ya 10: Amua na usitishe kwa mpangilio

Mwezi ukiisha, rudi kwenye maswali matatu. Jaribu kuyajibu kwa chombo cha bure ukikaa nacho dakika 15. Ukiweza, shuka mpango. Ukishindwa kwa sababu kinakuchosha, siyo kwa sababu hakina jibu, jaribu kimoja chepesi zaidi kabla ya kurudi kulipa.

Kabla ya kushuka, pakua CSV za miezi yote inayoonekana. Historia ya mfumo wa kulipia haiwezi kuhamishiwa Google Analytics, na mara nyingi hufungwa siku mpango unapokwisha. Usidhani cha bure kina usalama zaidi upande huo: Google ilisitisha Universal Analytics, toleo lililotangulia la Google Analytics, tarehe 1 Julai 2023, data yake haikuhamia kwenye toleo la 4, na waliokuwa hawajapakua walibaki bila kitu. Kwa hiyo kila tarehe 1 ya mwezi andika kwenye jedwali lako mwenyewe: ziara, mibofyo ya WhatsApp, simu, chanzo kikubwa, ukurasa ulioleta maulizo mengi.

Kusitisha kufanyike angalau wiki moja kabla ya tarehe ya kukatwa, na kadi uiondoe kwenye akaunti. Kisha fungua tovuti kwa simu siku mpango mpya unapoanza, uangalie mambo mawili: domeni yako bado inafunguka, na namba ya G- bado iko kwenye chanzo cha ukurasa. Mifumo mingine huondoa msimbo uliopachikwa mara unaposhuka ngazi.